Ukomo wa deni la Marekani haujawahi kuzuia deni

Mei 2023 jiji la Port Moresby lilikuwa tayari kumpokea mgeni. Papua New Guinea haikuwahi kutembelewa na Rais wa Marekani aliye madarakani, wala nchi nyingine yoyote ya visiwa vya Pasifiki, na serikali yake ilikwishatangaza siku ya mapumziko kwa ajili ya ujio huo. Tarehe 16 Mei Ikulu ya Marekani ikatoa taarifa kwamba Joe Biden angekwenda Hiroshima kwenye mkutano wa G7, kisha angerudi nyumbani. Hazina ya taifa lenye uchumi mkubwa kuliko yote duniani ilikuwa inaelekea kukauka, na Spika wa Baraza la Wawakilishi, Kevin McCarthy wa Republican, alikuwa amegoma kuiruhusu serikali ikope zaidi mpaka masharti ya chama chake yakubaliwe.

Wakopeshaji hawakuwa wameikimbia Marekani. Walikuwepo, wamejipanga, na fedha mkononi. Kilichokosekana ni ruhusa ya Bunge, tena Bunge lile lile lililopanga kodi ikusanywe kiasi gani na matumizi yawe kiasi gani. Bunge likishaamua kutumia zaidi ya linachokusanya, tofauti yake lazima ikopwe; hesabu haina njia nyingine. Halafu sheria ya pili, ile ya ukomo wa deni, inakuja kusema kukopa huko kumefika mwisho. Rais anabaki na amri mbili zinazopingana, zote zimetoka kwa wabunge. Ni sawa na familia iliyokula mwezi mzima kwa daftari la Mangi mwenye duka, kisha siku ya kulipa wazazi wakae kubishana kama Mangi alipwe au asilipwe, na mmoja wao auite ubishi huo kubana matumizi.

Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji anipime kwa hoja. Kura ya ukomo wa deni haijapunguza deni la Marekani. Inachofanya ni kuhamisha mamlaka kutoka kwa walio wengi kwenda kwa kundi dogo lililo tayari kuona nchi inashindwa kulipa. Na gharama ya mchezo huo hubebwa zaidi na wasio na kura katika Bunge hilo, sisi wa huku tukiwemo.

Chanzo cha ukomo huu ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya hapo Bunge la Marekani liliidhinisha mikopo mmoja mmoja, kwa riba yake na muda wake. Mwaka 1917, fedha za vita zilipohitajika kwa haraka, Bunge liliipa Wizara ya Fedha uhuru wa kuuza hatifungani, yaani karatasi za mkopo wa serikali, bila kurudi bungeni kila mara, mradi isivuke kiwango fulani. Mwaka 1939 kikawekwa kikomo kimoja cha jumla, dola bilioni 45. Lengo lilikuwa kurahisisha ukopaji. Tangu 1960 Bunge limeupandisha, limeurefusha au limeubadili ukomo huo karibu mara 80, mara nyingi zaidi chini ya marais wa Republican kuliko wa Democratic. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kura ya kero tu: chama tawala kinaunga mkono kwa shingo upande, chama cha upinzani kinapinga kwa hotuba kali huku kikijua muswada utapita. Mwaka 2006 maseneta wote wa Democratic walipiga kura ya hapana, Barack Obama na Joe Biden wakiwa miongoni mwao. Muswada ulipita kwa kura 52 dhidi ya 48 na hakuna soko lililoshtuka.

Mambo yaligeuka mwaka 2011, na mwaka huo unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu yote yaliyofuata yamejifunza kwake.

Uchaguzi wa Novemba 2010 uliwaingiza katika Baraza la Wawakilishi Warepublican wapya 87, wengi wao wakiwa wamebebwa na wimbi la Tea Party, vuguvugu la wahafidhina wanaopinga kodi na matumizi ya serikali, na wamewaahidi wapiga kura kwamba hawatapandisha ukomo wa deni bila kukata matumizi makubwa. Spika John Boehner alijaribu kufanya makubaliano mapana na Obama, kodi kidogo huku na makato mengi kule. Mwishoni mwa Julai makubaliano hayo yakavunjika. Sheria ilisainiwa tarehe 2 Agosti 2011, siku ile ile ambayo Wizara ya Fedha ilikuwa imeitaja kuwa ndiyo siku ya kuishiwa uwezo wa kukopa. Siku tatu baadaye kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani kutoka AAA, daraja la juu kabisa la uaminifu wa mkopaji, kwenda AA+, kwa mara ya kwanza katika historia. Wizara ya Fedha ililalamika kwamba hesabu za kampuni hiyo zina kosa la dola trilioni 2. Kampuni ilisahihisha hesabu lakini haikubadili uamuzi, kwa sababu hoja yake kubwa haikuwa hesabu. Ilikuwa siasa: nchi ambayo ulipaji wa madeni yake umegeuzwa kitu cha kupatania haiwezi kupewa daraja la juu kabisa. Jumatatu ya tarehe 8 Agosti soko la hisa la New York lilianguka vibaya, na kipimo cha Dow Jones kikapoteza pointi zaidi ya 630 kwa siku moja.

Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Republican katika Seneti, alilieleza somo la mwaka huo bila kuficha. Alisema baadhi ya wenzake waliiona hatari ya nchi kushindwa kulipa kama mateka ambaye mtu angeweza kujaribu kumpiga risasi. Wengi hawakuona hivyo, aliongeza, lakini walichojifunza ni kwamba huyo ni mateka anayestahili kulipiwa fidia. Sijui maelezo bora zaidi ya siasa hii, na yametoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya chumba.

Tukiyatazama maneno hayo kwa utulivu tunaona ubovu wake. Katika mapatano ya kawaida ya kibunge kila upande unapoteza kitu ukikataa kukubaliana. Hapa anayejali zaidi ndiye anayeshikwa. Wazee na walemavu zaidi ya milioni 60 wanaopokea mafao kila mwezi, askari, hospitali, wenye hatifungani, wote wanawekwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili anakaa mtu ambaye nguvu yake yote ni kuonekana kwamba hawajali hao. Kadiri anavyoaminika kuwa yuko tayari kuharibu, ndivyo anavyolipwa zaidi. Huo si utaratibu wa kutafuta bajeti nzuri.

McCarthy aliupata uspika Januari 2023 baada ya kupigiwa kura mara 15, na ili apate kura za mwisho alikubali mbunge mmoja peke yake aweze kuwasilisha hoja ya kumwondoa. Tarehe 19 Januari deni likagota kwenye ukomo wa dola trilioni 31.4. Waziri wa Fedha, Janet Yellen, akaanza kutumia hatua za kipekee, ambazo kwa lugha rahisi ni kuacha kwa muda kuweka fedha katika mifuko ya pensheni ya watumishi wa serikali ili kupata nafasi ya kukopa kwingine, kwa ahadi ya kuzirudisha baadaye. Tarehe 26 Aprili Warepublican wakapitisha muswada wao kwa kura 217 dhidi ya 215: ukomo upandishwe kwa trilioni 1.5, na kwa malipo ya hilo nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato, ipunguzwe kwa dola trilioni 4.8 katika miaka kumi. Mwishoni mwa Mei, riba ya baadhi ya dhamana za muda mfupi zilizokuwa zinaiva mwanzoni mwa Juni ilipita asilimia 7. Maana yake ni kwamba watu waliokuwa na karatasi inayoaminiwa kuliko zote duniani walikuwa wanaiuza kwa hasara ili tu wasiwe nayo mkononi wiki hiyo.

Makubaliano yalifikiwa, Biden akasaini tarehe 3 Juni, siku mbili kabla ya ile ambayo Yellen alisema fedha hazitatosha. Katika Baraza la Wawakilishi muswada ulipata kura 314, na Wademokrati walioupigia kura ya ndiyo walikuwa wengi kuliko Warepublican, 165 dhidi ya 149. Fidia ilikuwa nini? Mipaka ya miaka miwili kwa sehemu ya matumizi. Kurudishwa kwa fedha za Covid zilizokuwa hazijatumika. Na watu wazima wasio na watoto wa kuwatunza, wenye umri wa hadi miaka 54 badala ya 49, wakatakiwa kuthibitisha kwamba wanafanya kazi ndipo waendelee kupata msaada wa chakula. Tarehe 1 Agosti kampuni ya Fitch nayo ikaishusha Marekani, ikitaja waziwazi mivutano ya mara kwa mara ya ukomo wa deni. Oktoba McCarthy akawa Spika wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kuondolewa kwa kura. Kisa cha karibu kilikuwa bajeti ya muda, lakini kinyongo kilianzia kwenye makubaliano ya deni.

Sasa tazama kilichotokea Julai 2025. Chama kile kile kilichoitikisa dunia kwa sababu ya nakisi kiliongeza ukomo kwa dola trilioni 5, kutoka 36.1 hadi 41.1, ndani ya sheria moja ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lenyewe ilikadiria ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Safari hii hapakuwa na mateka. Rais alikuwa wa kwao. Desemba 2024, kabla hata hajaapishwa, Donald Trump alitaka ukomo uondolewe njiani, na wabunge 38 wa chama chake wakamgomea. Miezi saba baadaye upinzani huo ulikuwa umeyeyuka. Kwa nini nisiamini kwamba 2023 waliogopa deni? Kwa sababu mwoga wa deni huogopa hata rafiki yake akikopa.

Na sheria hiyo ya 2025 inatugusa kwa namna ambayo vyombo vyetu vya habari viliipita haraka mno. Pamoja na kupandisha ukomo na kupunguza kodi, iliwaondoa wakimbizi katika orodha ya wanaostahili msaada wa chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokewa Marekani kwa karibu muongo mzima, na wengi wao, waliotoka Kivu na kupitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wanazungumza Kiswahili nyumbani. Serikali iliyojipa nafasi ya kukopa trilioni 5 ilitafuta akiba kwenye sahani ya mama aliyefika na watoto na masanduku mawili. Linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Wapo wanaoutetea ukomo kwa nia njema, na hoja yao ina uzito. Wanasema wanasiasa hawapunguzi matumizi kwa hiari, kwa hiyo lazima kuwe na mlango unaowalazimisha kusimama na kufikiri. Ni kweli kwamba sheria ya 2011 ilibana sehemu ya matumizi kwa miaka kadhaa. Lakini mipaka ile ililegezwa mwaka 2013, ikalegezwa tena 2015, 2018 na 2019, safari mbili za mwisho Trump akiwa Ikulu. Mvutano wa 2011 ulihusu ukomo wa trilioni 14.3. Leo tunazungumzia trilioni 41. Denmark nayo ina ukomo wa deni katika sheria, lakini mwaka 2010 waliuinua hadi kroner trilioni 2, juu sana kupita deni lenyewe, ili usigeuke fimbo ya kisiasa, na Denmark ni miongoni mwa nchi zenye hesabu safi kabisa Ulaya. Nidhamu yao inatoka kwenye bajeti.

Lipo swali gumu zaidi ambalo watetezi hawaligusi: kwa nini soko haliiumizi Marekani? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilikadiria kuwa mvutano wa 2011 uliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3 mwaka huo. Kwa Marekani hizo ni fedha ndogo. Na baada ya kushushwa daraja, wawekezaji waliogopa, na kwa kuogopa wakakimbilia kununua hatifungani za Marekani hiyo hiyo, hivyo riba yake ikashuka. Dunia haina kwingine pa kuweka fedha nyingi kiasi hicho. Benki kuu zetu zenyewe huweka sehemu ya akiba ya fedha za kigeni katika karatasi hizo.

Linganisha na Kenya. Mwaka 2014 iliuza hatifungani za dola za miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875, na dola bilioni 2 zilikuwa zinaiva Juni 2024. Kenya haikukosa hata awamu moja ya malipo ya hatifungani hizo. Hakuna mbunge wa Nairobi aliyesimama kutishia kwamba wakopeshaji wasilipwe. Ilitosha wawekezaji kuanza kujiuliza zitapatikana wapi hizo bilioni 2 huku riba za Marekani zikiwa juu. Shilingi ikaporomoka hadi karibu 160 kwa dola moja, na Februari 2024 Kenya ikalazimika kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ilipe deni la zamani kabla ya wakati wake. Shaka hiyo iliwagharimu Wakenya kodi. Miezi minne baadaye vijana walikuwa barabarani wakipinga Muswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni baadhi yao waliuawa kwa risasi karibu na Bunge lao. Anayecheza na ulipaji analipa kidogo. Anayelipa kwa wakati anatozwa kwa kushukiwa.

Kwa hiyo mbunge wa Afrika Mashariki anayetamani silaha ya ukomo kama ile ya Washington anatamani kitu kitakachotuchoma sisi kwanza. Lakini siwezi kusema njia yetu ya sasa ni nzuri. Kenya ilikuwa na ukomo wa asilimia 50 ya pato la taifa. Mwishoni mwa 2019, deni likikaribia shilingi trilioni 6, Bunge lilibadili kipimo kuwa namba tupu, trilioni 9. Juni 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikawa trilioni 10. Deni likavuka hapo mwaka 2023, na mwaka huo huo kipimo kikarudishwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa, huku serikali ikipewa miaka kadhaa kuifikia. Kila mara kamba ilifika shingoni, na kila mara ikaongezwa urefu, bila Ikulu kutikisika.

Tanzania haina kura ya aina hiyo. Serikali hukopa kwa mamlaka ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, na Bunge hupitisha kiasi cha kukopa ndani ya bajeti ya mwaka. Hapo ndipo mjadala ungepaswa kuwaka. Badala yake tunakumbuka mwishoni mwa Desemba 2021, Spika Job Ndugai aliposema Dodoma kwamba mikopo inaongezeka na ipo siku nchi itapigwa mnada, akitetea tozo za miamala ya simu kuliko kukopa. Alisema hayo katika siku za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, uliojenga madarasa. Aliomba radhi tarehe 3 Januari 2022. Siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan akamjibu hadharani, na tarehe 6 Ndugai akajiuzulu. Sikuikubali hoja yake kuhusu tozo. Tozo zile zilimkamua mama ntilie kuliko mwenye ghorofa. Lakini Spika kupoteza kiti kwa sababu ya sentensi kuhusu deni kuliwafundisha wabunge wengine wote wanyamaze, na ukimya huo bado upo. Washington Spika alianguka kwa kukubali deni likopwe, Dodoma Spika aliondoka kwa kuhoji deni kukopwa, na katika miji yote miwili deni liliendelea kupanda.

Ninachokitaka kwa Marekani ni kura moja. Siku Bunge linapopitisha matumizi na kodi, liidhinishe papo hapo mkopo unaotokana na hesabu hiyo, na anayepinga deni apinge siku hiyo, ataje hospitali ipi isijengwe au kodi ya nani ipande. Baraza la Wawakilishi liliwahi kuwa na kanuni ya namna hiyo kuanzia 1979, likaifuta na kuirudisha kadiri wenye wingi walivyobadilika. Ninachokitaka kwetu ni kigumu zaidi kwa sababu hakihitaji sheria mpya: kila mkopo mkubwa ufike bungeni na masharti yake, riba yake na mradi wake kabla ya kusainiwa, na mbunge anayeuliza alindwe.

Kati ya Juni 2023 na Januari 2025, ukomo ukiwa umesimamishwa, deni la Marekani liliongezeka kwa takriban dola trilioni 4.7. Kwa mwendo huo trilioni 5 zilizoongezwa Julai 2025 haziwezi kufika mbali, na ukomo wa 41.1 utaguswa kabla ya Trump kumaliza muhula wake. Uchaguzi wa Novemba 2026 ndio utakaoamua ni chama gani kitakuwa kimeshika Baraza la Wawakilishi siku hiyo. Wademokrati wamelalamika tangu 2011 kwamba kutishia kutolipa ni jambo ambalo chama kinachojiheshimu hakifanyi, na ikiwa wao ndio watakaokuwa na nyundo ya Spika, rais wanayemchukia akiomba ruhusa ya kukopa, tutajua kama walimaanisha.